Gurudumu Lenye Mdomo

Mwezi uliopita baba alinitumia gunia la mahindi kwa basi kutoka Mbinga. Nilipolifungua jikoni kwangu Dar es Salaam, harufu ya mafuta ya taa ikanipiga usoni, na nikajua kabla sijaingiza mkono. Katikati ya mahindi, limeviringishwa kwenye kipande cha kanga kuukuu ya mama, lilikuwa lile behewa dogo la kuchezea. Hakuna barua, hakuna neno. Nikampigia.

"Baba, umeharibu mahindi."

"Mahindi yanaoshwa."

"Yananuka mafuta ya taa! Madebe mawili mazima!"

"Yaanike. Limefika na magurudumu yote manne?"

Ndivyo alivyo baba yangu. Unamuuliza hili, anakujibu lile, na hilo lile lenyewe anakujibu nusu. Angekuwa mtu wa kumaliza maelezo, sehemu nzima ya utoto wangu ingekwenda vingine, nami leo nisingekuwa mwanamke mzima aliyekaa sakafuni, amelowa machozi ya hasira, ananusa mahindi punje kwa punje.

Baba ni mtu wa Tabora. Serikali ilimleta Mbinga kuwa afisa mifugo, akamwoa mama, na ukoo wa mama ukampa kiwanja mteremkoni, juu ya mibuni ya Mjomba Osmundi. Tangu siku ile hakuacha kulalamika. Baridi ilikuwa inamla mifupa. Ukungu ulikuwa haumwachi akaona mbele. Na ile milima! "Huku," alikuwa akisema, "mpira ukimponyoka mtoto, unaokotwa kule chini Ukata." Kwao kulikuwa tambarare, kulikuwa na reli, na baba yake, Babu yangu ambaye sikuwa nimemwona bado, alikuwa fundi wa mabehewa kwenye karakana ya reli mpaka alipostaafu. Baba ndiye mtoto wa kwanza. Alipokuwa mdogo, kila kilichoguswa na mkono wake kilivunjika: nyundo ilichomoka mpini, kufuli liligoma, redio ilinyamaza. Babu akamtazama, akampeleka shule, akasema, "Huyu ana mikono ya karani." Baba alifikia kuwa na diploma na pikipiki ya serikali, lakini maneno yale aliyabeba kama mtu aliyemeza kokwa.

Behewa alilikuta sokoni, kwenye mitumba. Tulikuwa tumekwenda kuninunulia sweta, maana mvua zilikuwa zinaisha na baridi ya kule haina huruma na mtoto. Mfanyabiashara alikuwa amemwaga chini kiroba cha vitu vya watoto wa Ulaya: wanasesere wasio na macho, vipande vya magari, kandambili za mguu mmoja. Baba akainama, akanyanyuka na kitu chenye ukubwa wa tofali la kuchoma, chekundu, kimekwaruzwa, kina magurudumu manne ya chuma na mlango mmoja umepotea. Alikishika kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Behewa la mizigo," alisema. "Angalia. Angalia chini yake."

"Baba Kabula," mama alisema, "tumekuja kununua sweta."

Sweta halikununuliwa. Msimu mzima wa baridi nilivaa la mwaka uliopita, mikono yake ikiishia kwenye viwiko, nikimtazama baba yangu anavyolihudumia behewa.

Miezi minne! Nyinyi mliokua wakati ule mnajua mtoto wa rika letu alivyotengeneza gari: unakata soli ya kandambili, unachonga kopo la mafuta, unapiga misumari, na kabla jua halijazama unaliburuta njiani. Baba yangu alikaa miezi minne. Kila jioni aliporudi kazini alivuta kigoda barazani, akamimina mafuta ya taa kwenye kopo la maziwa, akaanza kusugua. Gurudumu moja lilikuwa limekwama, na alipolilowesha na kulichokoa kwa sindano ya mama zikatoka nywele, ndefu, za rangi ya majani makavu, zimejisokota kwenye ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu. Nywele za mtoto fulani asiyejua kuwa zimefika Mbinga. Nilizihifadhi kwenye kiberiti kwa sababu ndicho kitu pekee cha behewa lile nilichoruhusiwa kugusa.

Kisha akaanza kukwangua rangi kwa wembe. Chini ya nyekundu kulikuwa na kijani, chini ya kijani kijivu. Mimi niliona imetosha tangu kwenye kijani. Mlango mpya aliukata kutoka kwenye kopo la mafuta ya kula. Wa kwanza ulipinda. Wa pili ulimkata kidole gumba. Wa tatu uliingia vizuri, akafurahi, akaufunga kwa nguvu ya furaha, ukavunjika. Mama alipita na ungo wa mahindi, akatikisa kichwa. "Mtoto huyu ataolewa hajalichezea."

Na nisisahau mchanga. Siku moja aliamua kwamba msasa unakwaruza, akakumbuka kuwa wanawake wa ufukweni wanasugua sufuria kwa mchanga wa ziwa mpaka zinaakisi uso. Alikuwa na safari ya chanjo ya mbuzi Lipingo, akanichukua. Nilikuwa sijawahi kuliona ziwa. Gari la serikali lilishuka milima ile saa nzima na zaidi, masikio yakaziba, joto likapanda, na mara Nyasa hilo hapo, bluu mpaka likagusa milima ya ng'ambo kama kitu kilichomwagwa na hakikuzolewa. Watoto wa rika langu walikuwa wanarukaruka majini, uchi, wanapiga kelele, dagaa wameanikwa kila mahali, hewa nzima inanukia samaki na jua. Baba akanipa chujio la chai.

"Chekecha," alisema. "Ule mwembamba kabisa."

Siku yangu ya kwanza ziwani niliimaliza nimechuchumaa, nikichekecha mchanga ndani ya mfuko wa mbolea. Mtoto mmoja alinijia, maji yakimchuruzika, akanitazama muda mrefu. "Mbinga hakuna mchanga?" aliuliza. Nikaendelea kuchekecha.

Ningestahimili yote hayo kama angalau angenieleza. Mimi nilikuwa sijawahi kuona treni. Hakuna mtu wa rika langu pale aliyewahi kuiona. Hatuna reli, na milima yetu haitaki. Kwa hiyo nikamuuliza barazani, "Baba, dereva wa treni anashika usukani mkubwa kama wa basi?"

"Treni haina usukani."

"Sasa kona inakataje?"

Alikuwa ameshika sindano ya mama kati ya meno. Akaitoa, akaifikiria kona, akatabasamu peke yake kwa kitu alichokiona mbali huko Tabora. "Inajua yenyewe," akasema, akarudisha sindano mdomoni.

Inajua yenyewe! Nikalala na maneno hayo. Nikaamini kuwa treni ni kitu chenye akili, kama ng'ombe anayerudi zizini bila kuchungwa. Naomba msomaji aliweke jibu hilo moyoni, kwa maana madhara yote yaliyofuata yalitokana nalo.

Kahawa ilipoanza kuiva, Babu akasema anakuja. Baba alizungumza naye kwa simu akiwa amesimama penye mti mmoja wa mpakani mwa kiwanja, ambapo mtandao ulishika, akipaza sauti kijiji kizima kisikie. "Safari hii utaona, baba! Kwa mikono yangu! Hapana, sijavunja... Upana kati ya gurudumu na gurudumu? Ngoja nipime." Alikimbia ndani kuchukua rula. Nikamuuliza mama kwa nini baba anahangaika hivi kwa kidude cha kuchezea. Mama alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Baba yako anataka neno moja tu kwa baba yake."

"Neno gani?"

"Vizuri. Basi. Hajawahi kuambiwa."

Siku mbili kabla hawajafika, baba aliondoka kwenda kumpokea Babu Songea. Behewa aliliacha juu ya kabati, limepakwa rangi nyekundu mpya, mlango unateleza, kila kitu kinang'aa. "Usiliguse," aliniambia. Nikaligusa. Nilipanda kiti, nikalishusha, nikaligeuza, na pale nikaona alichokisahau mzee wa watu kwa miezi minne yote. Kila gurudumu lilikuwa na mdomo. Upande wa ndani, kuzunguka lote, chuma kilikuwa kimetokeza kama ukingo wa sahani.

Sasa, mtoto wa nyumba ya kahawa anaujua mdomo. Kila msimu Mjomba Osmundi alikuwa anatengeneza mashine za mkono za kukobolea kahawa mbivu, za kwake na za majirani, na nilikuwa nakaa hapo ubaridini, nikinusa maganda matamu yanayochacha, nikimsikia akifundisha: bati la shaba la mashine likizeeka linalika katikati, pembeni linabaki na mdomo, na mdomo huo ndio unaokata buni. Dawa yake ni tupa ya kusugulia chuma. Unausawazisha mpaka kidole kisikie laini. Nikayaona magurudumu ya baba, nikamwonea huruma. Babu, fundi mwenyewe, atakuja aone chuma kilicholika, na lile neno litapotea.

Nikateremka kwa Mjomba na behewa tumboni mwa sweta.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Umeiba nini?"

Nikamwonyesha. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akapitisha kucha kwenye gurudumu, akacheka mpaka akakohoa. "Limekula upande! Shemeji miezi minne anasugua rangi, gurudumu bovu halioni! Ndiyo maana nasema, usomi na macho ni vitu viwili."

"Babu anakuja keshokutwa, Mjomba."

Kicheko kikamwisha. Mjomba alimcheka baba kila siku ya Mungu, lakini shemeji kuaibishwa mbele ya mgeni wake, kwenye kiwanja walichompa wao, hilo lilikuwa aibu ya ukoo mzima. "Lete," akasema. Alizichomoa ekseli, akaibana moja kwenye mhimili wa mashine ya kahawa, akaniambia nizungushe mpini. Nikazungusha. Akaegemeza tupa. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama panzi wengi, na vumbi la chuma likamwangukia magotini, la kijivu, lenye harufu ya damu kidogo. Tulifanya kazi asubuhi ile yote na ya pili yake. Kisha akamalizia kwa mchanga wangu wa Lipingo. Namwambia yeyote anayenisoma: sijawahi kuona kazi safi kama ile. Magurudumu yaling'aa kama sarafu mpya, sawasawa yote manne. Tulipoliweka behewa mezani na kulisukuma kwa kidole, lilikwenda kimya, limenyooka, kama linateleza juu ya maji.

"Usiseme ni mimi," Mjomba alisema. Kisha akafikiri. "Lakini akiuliza, usidanganye. Uongo ni dhambi."

Walifika mchana wa siku ya tatu. Babu alikuwa mrefu, mkavu, macho yake yameanza kuingiwa na maziwa, na chini ya kwapa alibeba kifurushi kirefu kilichofungwa kwa kanga. Hakukubali kupokewa. Tulimwamkia wote. Alinishika kichwa kwa kiganja kizima, akakipima kama tikiti, akasema, "Ndiye Kabula huyu. Kichwa chetu." Mjomba alikuja kumsalimia mgeni akiwa amevaa koti lake la kanisani. Siku ile ilikuwa Jumatano.

Babu akafungua kifurushi mezani. Zilikuwa reli. Mbili, za chuma chembamba, urefu wa mkono, zimepigiliwa juu ya mataruma, vile vibao vya kulazia reli, kila taruma na misumari yake minne. Alikuwa ametengeneza mwenyewe, kwa kupapasa, kwa kipimo alichotajiwa kwenye simu. Baba alizitazama mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaenda kabatini, akalileta behewa kwa mikono miwili, na bila kulitazama chini akamkabidhi baba yake.

Babu alipapasa paa. Alipapasa mlango, akaufungua, akaufunga. Nyusi zikapanda kidogo. Baba akasogea karibu. Babu akaligeuza, kidole gumba kikaingia kwenye gurudumu, kikazunguka. Kikasimama. Kikazunguka tena taratibu. Kikaenda la pili, la tatu, la nne.

"Nani kafanya kazi hii?" aliuliza.

Kwangu ile ilikuwa sauti ya mtu aliyestaajabu. Nikafungua mdomo. Mjomba pale kitini akanyoosha kola ya koti. Baba akainama, akayaona magurudumu, akanitazama mimi, akamtazama Mjomba, na uso wake ukawa kama ukuta uliopigwa lipu.

"Mimi, baba," alisema.

Sikuamini masikio yangu. Baba yangu, mbele yangu, alikuwa anaiba! Mjomba aliishusha mikono yake mapajani, akaitazama, mikono iliyokuwa bado na weusi wa chuma kwenye mikunjo.

Babu aliliweka behewa juu ya reli, akalisukuma. Lilikwenda kiasi cha vidole vitatu, likateleza pembeni, likaanguka kwa kishindo. Akaliweka tena. Likaanguka tena. Nikaona hapa lazima mtu aseme ukweli angalau mmoja katika nyumba hii.

"Reli za Babu zimepinda," nikasema. "Babu haoni vizuri."

"Nyamaza!" Baba hakuwahi kunifokea hivyo, kabla wala baada.

"Mzee amechoka na safari," Mjomba alisema kwa upole wa kanisani.

Babu alilaza behewa kando, akaanza kuzifunga reli kwenye kanga, fundo moja, fundo la pili. "Mikono ya karani," alisema, wala si kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma jina kwenye bahasha. Mama akaingia na kuku, Mjomba akainuka akasema ana kazi shambani. Na lile koti la kanisani.

Sikuzungumza na baba kwa wiki nzima. Mjomba alichukua muda mrefu zaidi. Aliendelea kuja, aliendelea kuleta ndizi, lakini kila palipokuwa na sherehe, kipaimara au mavuno, akishapata bilauri ya pili alisimulia: "Shemeji ni mtu mwema, simsemi vibaya. Ila kazi ya mikono yangu aliila mchana kweupe, mbele ya baba yake mzazi." Watu walicheka, baba naye akacheka, akasema, "Nisamehe, shemeji." Mimi nilikua nikiamini kuwa baba yangu ana kitu kidogo kilichooza ndani yake. Zana hakuzishika tena. Babu aliondoka baada ya wiki mbili na hakurudi.

Tulipokwenda Tabora kumzika nilikuwa nimemaliza chuo. Siku ya kuondoka tulisimama stesheni, na pembeni, kwenye majani, kulikuwa na behewa la mizigo lililotelekezwa, jekundu lile lile. Nikalisogelea. Gurudumu lake lilinifika kiunoni. Upande wa ndani lilikuwa na mdomo, mnene kama vidole viwili, na mdomo huo ulikuwa umeteremka ukaikumbatia reli kwa ndani, upande huu, na upande ule pia, ndiyo maana halikuweza kwenda popote isipokuwa pale linapotakiwa kwenda. Nikaweka kidole gumba juu yake, pale pale tulipopitisha tupa kwenye letu. Chuma kilikuwa cha moto. Masikio yangu nayo yakawa ya moto.

Baba alikuwa nyuma yangu na begi.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Nini?"

"Baba! Unajua ninachosema!"

Akahamisha begi mkono wa pili. "Ulitaka nimtaje nani? Wewe? Ndiyo kwanza alikuwa amekuona. Osmundi? Alikuwa amevaa koti." Treni ilipiga honi mbali. "Mimi alishanizoea hivyo."

"Ungetueleza hata baadaye."

"Ningemweleza shemeji kwamba ameharibu? Alivyoifanya vizuri vile?"

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumsukuma relini. Miaka yote hiyo! Kwa neno moja angeweza kuzuia yote siku ile nilipomuuliza usukani, na kwa neno moja angeweza kujisafisha, naye yote mawili akayameza kwa sababu anaona maneno yanachosha.

Sasa mahindi. Nilipomaliza kupiga kelele kwenye simu, baba akatoa sababu kama kawaida yake, mwisho kabisa na nusu. "Osmundi anakuja huko kutibiwa macho. Atafikia kwako. Liweke mezani."

"Ili iweje?"

"Alikute."

Mjomba alifika juzi, amekuwa mdogo ndani ya lile koti, macho yameingiwa na maziwa kama ya Babu. Nilikuwa nimejiandaa. Usiku uliotangulia nilikuwa nimepanga maneno yangu yote, kuanzia tupa mpaka Tabora, kwa heshima lakini bila kuacha kitu, kwa sababu nimechoka, kwa sababu baba yangu ni mzee na jina lake lina doa ambalo mimi ndiye niliyelibeba tumboni mwa sweta. Nikamkalisha mezani, nikamwekea chai. Mkono wake ulipotafuta kikombe ukagonga behewa. Akalivuta karibu, akaligeuza, na kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye gurudumu, kikazunguka. La pili. La tatu. La nne.

"Laini," alinong'ona. "Bado. Nani kafanya kazi hii?"

Maneno yangu yote yalikuwa pale mdomoni, yamejipanga. Nikatazama koti.

"Wewe, Mjomba," nikasema. "Baba amelileta ulione. Anasema ni kazi yako."

Alilisukuma juu ya meza. Likaenda kimya, limenyooka, nikaliwahi ukingoni kabla halijaanguka. Mjomba akanywa chai yake mpaka mwisho, akapangusa midomo kwa kiganja, akaketi wima kama mtu aliyelipwa.

"Mwambie baba yako," alisema, "nimemsamehe."

Nikasaga meno. "Nitamwambia, Mjomba."